Mipangilio ya programu za mfumo na maana zake za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu una wasomaji wawili: anayetunga programu za mfumo, yaani seva, hifadhidata na programu za kuwasha huduma, na anayezisimamia kwenye mashine za watu. Kila toleo jipya likitoka wawili hawa hurushiana maswali yaleyale. Majina ya mipangilio yameandikwa jinsi yalivyo kwenye mafaili yenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Kuhifadhi maana ya mpangilio ndiyo kufanya nini?

Ni kuhakikisha kwamba mstari ulioandikwa kwenye faili la usanidi miaka mitano iliyopita unafanya leo kilekile ulichofanya siku ulipoandikwa, hata kama programu imesasishwa mara nyingi hapo katikati. Mtunzi ana ruhusa ya kupangua msimbo wote wa ndani akitaka. Asichokuwa na ruhusa nacho ni kuuacha mstari wa mtu ulivyo, halafu programu ianze kuuelewa vingine.

Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria jina la mpangilio tu. Lakini maana imebebwa pia na thamani zinazokubalika, na kile kinachotokea mstari usipoandikwa kabisa, yaani chaguo-msingi (swali la 3), na kanuni ya nani ashinde mistari miwili inapogongana (swali la 6). Gusa kimojawapo na umegusa maana.

2. Kwa nini jambo dogo hivi linazua ugomvi mkubwa?

Kwa sababu aliyeandika faili mara nyingi hayupo tena. Alihama kazi, au alinakili mistari kutoka kwenye mafunzo, au faili linazalishwa na Ansible, programu ya kusanidi mashine nyingi pamoja, na kusambazwa kwenye mashine nyingi kwa mkupuo. Hakuna anayekaa kusoma maelezo ya toleo kwa niaba ya faili lile.

Halafu kuna tofauti kubwa kati ya programu inayokataa kuwaka na programu inayowaka vizuri ikafanya kitu kingine. Ya kwanza inakuudhi usiku mmoja. Ya pili unaigundua baada ya miezi, ukiwa unatafuta nakala rudufu ambayo kumbe iliacha kutengenezwa. Mtu wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo) hukaa na kanuni ngumu kuhusu hili: badiliko la kerneli lililoharibu programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi huhesabiwa kuwa ni kosa la kerneli, si la programu. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, ameisimamia kanuni hiyo kwa ukali unaojulikana na kila aliyewahi kumtumia kiraka.

3. Sijaandika mstari wowote. Je, chaguo-msingi nalo ni ahadi?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi huteleza. Kutoandika kitu ni uamuzi pia: msimamizi aliona hali ya kawaida inamfaa, akaiacha.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux, toleo la 230, Mei 2016. Mpangilio wa `KillUserProcesses` ulikuwa `no`, ukageuzwa kuwa `yes`. Tangu enzi za Unix mtu alizoea kuingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, kufungua `screen` au `tmux` zinazoweka kikao hai, kuanzisha kazi ndefu, kisha kutoka na kwenda zake nyumbani. Kwa chaguo-msingi jipya, ukitoka tu, kila ulichokiacha kinauawa, pamoja na kilichoanzishwa kwa `nohup`, ambayo kazi yake yote ni kuzuia jambo hilohilo. Watunzi walikuwa na hoja: vikao vinavyofungwa huacha michakato yatima inayokula kumbukumbu. Pia walitoa njia halali ya kubaki, `loginctl enable-linger`. Hata hivyo Debian, wanaosambaza mgawo mmoja wa Linux, waliligeuza likarudi `no` kwenye vifurushi vyao, na mgawo mwingine mwingi wa Linux ukafanya hivyo. Kwa maoni yetu Debian walikuwa sahihi. Hoja ya usafi ilikuwa nzuri, ila bili yake ilitumwa kwa mtu ambaye hakuagiza chochote.

4. Basi chaguo-msingi haliwezi kubadilika milele?

Linaweza. Njia ya Postfix, seva ya barua pepe, ndiyo ya kuigwa. Mwaka 2015, kwenye toleo la 3.0, waliongeza mpangilio unaoitwa `compatibility_level`. Ukisasisha Postfix ya zamani, faili lako la `main.cf` halina mstari huo, kwa hiyo programu inajua kwamba wewe ni mwenyeji wa siku nyingi: inaendelea na machaguo-msingi ya zamani. Lakini kila mara inapotegemea chaguo la zamani kwa jambo lenye athari, inaandika kwenye logi, kwa mfano kwamba inatumia `append_dot_mydomain=yes` kwa ajili ya kupatana na zamani. Mashine mpya inasakinishwa ikiwa na kiwango kipya tangu mwanzo.

Msimamizi anaangalia logi kwa siku kadhaa. Anachokihitaji kibaki anakiandika waziwazi kwenye `main.cf`, kisha anapandisha kiwango mwenyewe, siku anayoitaka, akiwa macho. Hakuna aliyeshtukizwa. Ni ajabu kwamba programu chache sana zimeiga.

## Majina na thamani

5. Jina la mpangilio wetu linapotosha. Tulibadilishe?

Badilisheni, ila la zamani libaki kuwa jina la pili lenye maana ileile. Apache, seva ya wavuti, walifanya hivyo kwenye 2.4 mwaka 2012: `MaxClients` ikawa `MaxRequestWorkers`, kwa kuwa kilichokuwa kinahesabiwa hakikuwa wateja, na `MaxRequestsPerChild` ikawa `MaxConnectionsPerChild`. Majina ya zamani bado yanakubaliwa. OpenSSH, programu ya SSH, nao mwaka 2021 waligeuza `PubkeyAcceptedKeyTypes` kuwa `PubkeyAcceptedAlgorithms`, na la kwanza likabaki likifanya kazi.

OpenSSH ina kichekesho kidogo kinachowasumbua wengi. Ukiandika `PermitRootLogin prohibit-password`, kisha ukaendesha `sshd -T` kuona mipangilio inayotumika, inakujibu `permitrootlogin without-password`. Hujakosea. Hayo ni majina mawili ya thamani moja, na programu inachapisha lile la zamani. Jipya lilitungwa kwa sababu watu walisoma "bila nywila" wakadhani root (msimamizi mkuu wa mashine) anaingia bila kuulizwa chochote, kumbe ni kinyume chake: nywila zimekatazwa, sharti atumie njia nyingine kama ufunguo.

Kosa la kuepuka ni kulichukua jina la zamani na kulipa kazi mpya. Jina likishastaafu, lizikwe pamoja na kazi yake.

6. La zamani na jipya yakiwa kwenye faili moja, lipi lishinde?

Lolote, mradi kanuni iwe ileile inayotawala mistari mingine ya programu hiyo, na isibadilike kamwe. Tatizo ni kwamba kila programu ina yake. Kwenye `sshd_config` thamani ya kwanza kuonekana ndiyo inayoshinda. Kwenye mafaili ya systemd, kwa mipangilio ya thamani moja, ya mwisho ndiyo inayoshinda; kwa mipangilio ya orodha zinajumlishwa, na mstari mtupu kama `ExecStart=` unafuta yaliyotangulia.

Angalia jinsi hili linavyouma kwa vitendo. Kwenye Ubuntu, `sshd_config` huanza kwa `Include /etc/ssh/sshd_config.d/*.conf` juu kabisa. Mashine za wingu nyingi huwa na faili la cloud-init (programu inayoandaa mashine ya wingu inapowashwa mara ya kwanza) humo ndani lenye `PasswordAuthentication yes`. Msimamizi anafungua faili kuu, anashuka hadi chini, anaandika `PasswordAuthentication no`, anawasha upya huduma, anafunga kompyuta akiwa na amani. Nywila bado zinakubaliwa. Kanuni ya "wa kwanza hushinda" haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani anasomwa kwanza.

7. Nataka mpangilio wa ndiyo/hapana uwe na ngazi zaidi.

Ongeza maneno mapya, usiguse ya zamani. `ProtectSystem` ya systemd ni darasa zuri: `true` inafanya `/usr` na saraka za kuwashia mashine zisomwe tu zisiandikwe, `full` ikaongeza `/etc`, baadaye ikaja `strict`, inayofunga karibu mti mzima wa mafaili. Ingekuwa rahisi kusema kwamba `true` sasa maana yake ni ulinzi mkali zaidi. Wangefanya hivyo, kila huduma inayoandika `/var/lib` bila kutangaza ingeanguka siku ya kusasisha.

8. Na kama kilichobadilika ni kipimo?

Jina jipya, bila mjadala. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walikuwa na `wal_keep_segments`, iliyohesabu vipande vya WAL, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ambayo seva ya nakala huisoma. Kwenye toleo la 13 (2020) wakataka watu waandike ukubwa badala ya idadi ya vipande, wakatunga `wal_keep_size`. Kwa vipande vya kawaida vya megabaiti 16, aliyekuwa na `64` sasa anaandika `1024MB`. Fikiria wangeliacha jina lilelile na kubadilisha kipimo kimoyomoyo: `64` ingesomwa kama megabaiti 64, seva ya nakala ingechelewa kidogo tu, na WAL inayoihitaji ingekuwa imeshafutwa.

Kabla ya hapo, kwenye 9.5, `checkpoint_segments` iliondolewa ikaja `max_wal_size`, na maelezo ya toleo yakatoa hesabu ya kuhamia: zidisha thamani yako ya zamani kwa 3, kisha kwa megabaiti 16. Mstari mmoja wa hesabu kwenye maelezo ya toleo unawaokoa watu kuliko kurasa nzima za falsafa.

## Kustaafisha na kuondoa

9. Programu ikikuta jina isilolijua, ikatae kuwaka au iendelee?

Inategemea ukimya utamgharimu nani.

PostgreSQL hukataa kuwaka. MySQL, hifadhidata nyingine, pia; ndiyo maana waliokuwa na `query_cache_size` kwenye `my.cnf` walipigwa na butwaa walipohamia 8.0. Ukitaka mpangilio uvumiliwe usipojulikana, unauwekea `loose_` mbele. systemd huandika onyo na kuendelea, kwa sababu faili moja la huduma husambazwa kwenye mifumo yenye matoleo tofauti, na mashine isiyowaka kwa sababu ya mstari mmoja wa huduma ya printa haimsaidii mtu.

Kwa mambo ya usalama na data, kukataa ni bora. PostgreSQL 12 (2019) ilipoacha kutumia `recovery.conf`, haikulipuuza faili hilo: ukiliacha kwenye saraka ya data, seva haiwaki. Sababu inaeleweka ukiifuata hatua kwa hatua. Faili hilo ndilo lililoiambia seva kwamba ni nakala inayomfuata mkuu. Likipuuzwa, seva ingewaka kama mkuu, ingeanza kupokea maandishi, na sasa una wakuu wawili wenye data tofauti. Usiku mmoja wa kukasirika ni nafuu kuliko hapo.

10. Onyo kwenye logi linatosha kabla ya kuondoa chaguo?

Linatosha likisomwa, na halisomwi. Onyo zuri linataja faili, namba ya mstari, jina jipya, na toleo ambalo la zamani litaondoka. "Chaguo hili limepitwa na wakati" peke yake ni kelele.

11. Kipengele chenyewe kimekufa. Mpangilio wake ufanywe nini?

Kama kipengele hakikuwa kinalinda kitu, jina linaweza kubaki likikubaliwa bila kufanya kitu, pamoja na onyo. `NameVirtualHost` kwenye Apache 2.4 iko hivyo. Kama kipengele kilikuwa kinalinda kitu, rudi swali la 9.

Kuna pia vipengele ambavyo kuondoka kwake ni rehema. `net.ipv4.tcp_tw_recycle` ilisambaa kwenye mafunzo mengi ya "kuharakisha seva", na ilikuwa ikitupa miunganisho ya wateja walio nyuma ya NAT (wengi wanaotumia anwani moja ya mtandao), yaani karibu kila mtu anayetumia intaneti ya simu. Iliondolewa kwenye Linux 4.12 mwaka 2017. Leo `sysctl -p` ikikutana nayo inalalamika kwamba faili halipo, kisha inaendelea na mistari mingine. Kama bado unayo kwenye `/etc/sysctl.conf`, ifute.

12. Ninajenga kerneli yangu kwa `.config` ya zamani. Nijihadhari na nini?

Na majina yaliyobadilishwa. `make olddefconfig` huchukua majina inayoyajua, majina mapya huyapa chaguo-msingi, na ya zamani yasiyojulikana huyadondosha bila kelele. Ukibadilishiwa jina la kiendeshi cha diski, kerneli itajengwa vizuri na isipate diski. Linganisha faili la kabla na la baada kwa `diff` kabla hujasakinisha.

## Visa vya pembeni

13. Vipi kama maana ya zamani ni upuuzi tangu mwanzo?

Mara nyingi inabaki, na ni sawa.

Chukua `cron`, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba. Mtu anataka kazi ifanyike saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa inayoangukia tarehe 13, anaandika `0 6 13 * 5`. Kazi inafanyika kila tarehe 13 *na* kila Ijumaa. Sehemu ya tarehe na ya siku ya wiki zikiwa zote zimewekwa mipaka, `cron` inaridhika na mojawapo, wakati sehemu nyingine zote zinataka zitimie kwa pamoja. Hakuna anayeitetea kanuni hii kwa hoja ya uzuri, lakini POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inaitambua na crontab zisizohesabika zinaitegemea. Anayetaka zote mbili huweka tarehe kwenye crontab na kupima siku ndani ya skripti.

MySQL nao: `utf8` yao ilibeba hadi baiti tatu kwa herufi, kwa hiyo emoji hazikuingia. Mwaka 2010, badala ya kuipanua, walitunga `utf8mb4` na kuiacha `utf8` na upungufu wake, kwa kuwa majedwali na faharasa za watu zilishapangwa kwa hesabu ya baiti tatu. Miaka mingi mtu ameandika "Asante 🙏🏾" kwenye fomu na hifadhidata ikakataa. Ni bei halisi hiyo, na bado tunaona walichagua vyema. Lawama ni kuchelewa kuifanya `utf8mb4` kuwa chaguo-msingi hadi 8.0, mwaka 2018.

14. Nimeweka `Etc/GMT+3` kwa seva iliyoko Nairobi na saa imekuwa mbovu. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Kwenye majina ya `Etc/GMT`, alama imegeuzwa: inafuata desturi ya POSIX ambamo namba chanya ni magharibi ya Greenwich. Afrika Mashariki ni `Etc/GMT-3`. Ukiweka `+3` unapata saa ya Brasília, mji mkuu wa Brazili, saa sita nyuma. Na hapa kuna mtego mtamu: saa tisa alasiri mashine inaonyesha 9:00, saa kumi inaonyesha 10:00, hadi msimamizi anadhani kuna mtu ameiwekea saa za Kiswahili. Alama haiwezi kurekebishwa sasa. Tumia `Africa/Nairobi` na uachane nazo.

15. Nasikia `Africa/Dar_es_Salaam` si eneo kamili tena. Nibadilishe mipangilio yangu?

Hapana. Kwenye hifadhidata ya saa za dunia jina hilo sasa ni kiungo kinachoelekeza `Africa/Nairobi`, kama `Africa/Kampala`. `Africa/Bujumbura`, `Africa/Kigali` na `Africa/Lubumbashi` zinaelekeza `Africa/Maputo`. `Asia/Muscat` inaelekeza `Asia/Dubai`. Maeneo ambayo saa zake zimelingana tangu 1970 huunganishwa, na majina yanabaki yakifanya kazi.

Maana imehifadhiwa karibu yote. Kwa tarehe za kabla ya 1970 majibu yanaweza kuhama: kumbukumbu za kale za hifadhidata hiyo zinaiweka Dar es Salaam saa 2 na dakika 45 mbele ya UTC kuanzia 1948 hadi mwisho wa 1960, wakati Nairobi ilikuwa saa 3. Kwa anayehifadhi saa za kuzaliwa za wazee, ni dakika 15.

16. Usalama unaruhusu kuvunja ahadi?

Unaruhusu, kwa uwazi. OpenSSH 7.0 (Agosti 2015) iligeuza chaguo-msingi la `PermitRootLogin` kutoka `yes` kwenda `prohibit-password`. Zaidi ya hapo, ilikaza maana ya `without-password` yenyewe: awali njia ya maswali na majibu kwenye kibodi ilikuwa inapenya, na njia hiyo mara nyingi ndiyo huuliza nywila. Hapo mpangilio ulibadilika ili ufanye kile ambacho jina lake lilikuwa likidai tangu zamani. Wapo waliofungiwa nje ya mashine zao. Badiliko liliandikwa mbele kabisa ya maelezo ya toleo, na hilo ndilo sharti la chini.

Kelele ya "ni kwa ajili ya usalama" isitumike kwa kila kitu anachokichukia mtunzi. Swali la kupima: kuna mshambuliaji anayefaidika leo na maana ya zamani? Kama hayupo, fuata njia ya swali la 4.

17. Mimi ni msimamizi tu. Nifanye nini kabla ya kusasisha?

Usilinganishe mafaili, linganisha programu inavyoyaelewa. Hifadhi matokeo ya `sshd -T`, `postconf`, na kwa PostgreSQL jedwali la `pg_settings`. Sasisha kwenye mashine ya majaribio, chukua matokeo tena, endesha `diff`. Machaguo-msingi yaliyohama yataonekana hapo hata kama faili lako halijaguswa herufi. Kwa huduma za systemd, `systemd-analyze verify` hutaja majina isiyoyajua.

Na ukikuta mpangilio ambao ukibadilika utaumia, uandike waziwazi hata kama thamani yake ni sawa na chaguo-msingi la leo. Weka maoni juu yake: nani ameuweka, kwa nini.

18. Maoni ndani ya faili la mfano lililokuja na programu yanasema chaguo-msingi ni `yes`. Niyaamini?

Mistari yenye `#` kwenye faili la mfano ilikuwa kweli siku faili liliponakiliwa. Meneja wa vifurushi akikuta umelihariri faili, huliacha la kwako, pamoja na maoni yake ya zamani. Uliza programu yenyewe, kwa amri za swali la 17.